Kibaba Chetu Kimoja: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii,
Masheikh wetu na Wachungaji wetu,
Wazee wetu na bibi zetu,
Wanachama wenzetu, pamoja na waume zetu mliosimama kule nyuma kwenye kivuli cha mwembe,



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai na uzima hata tukaifikia siku hii. Kikundi chetu kilianza mwezi Juni 2015 na leo, mwaka 2025, kimetimiza miaka kumi. Wapo tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Tunaomba tusimame kidogo, tuwakumbuke.

Ahsanteni. Tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, kamati ya kijitabu ilituomba tueleze historia ya kikundi. Sisi wengine tuliishia darasa la saba, na hotuba ndefu ya kitaalamu hatuiwezi. Tumeonelea tueleze habari ya kitu kimoja tu, nacho ndicho hiki kilichofunikwa kwa kanga hapa mezani. Mtunza ghala, tafadhali kifunue.

Mnakiona? Kimebonyea upande mmoja, na rangi yake imeshakwenda. Hiki ni kibaba. Watoto waliokaa mbele hapa wanacheka, wanadhani ni kopo la kuchotea maji. Si kosa lao, siku hizi dukani wanasikia kilo na robo kilo. Lakini methali wanaifundishwa shuleni: haba na haba hujaza kibaba. Wanaiandika kwenye mtihani na kupata vema, nacho kibaba chenyewe hawajakiona. Basi leo wakione.

Zamani katika pwani yetu hii yote, tangu Lamu mpaka huku kwetu Lindi, nafaka ilipimwa kwa vyombo, na vyombo vilikuwa na hesabu yake. Kibaba ndicho kidogo. Vibaba viwili ni kisaga. Vibaba vinne ni pishi. Pishi sita ni frasila moja. Frasila kumi, yaani pishi sitini, ni mzo au jizla, ule mzigo wa wenye mashamba makubwa na wenye majahazi. Ile Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, inakadiria kibaba kuwa ratili moja na nusu. Kwa hesabu ya leo hiyo ni karibu gramu 680. Kwa hiyo pishi hukaribia kilo 2 na gramu 700.

Ndugu zetu Waislamu wanaikumbuka pishi kila mwaka Ramadhani inapokwisha. Fitri ya kila mtu ni pishi moja ya chakula, vibaba vinne, na siku hizi masheikh wetu wanatukadiria kilo mbili na nusu mpaka tatu. Mtoto mchanga naye anatolewa pishi yake. Kwa hiyo kibaba hakikuwa cha biashara peke yake. Kilikuwa kipimo cha ibada, cha posho ya vibarua, na cha chakula cha mgeni. Mama zetu walipotutuma kwa jirani walisema, "Nenda kamwambie bibi aniazime kibaba cha mchele," na jirani alielewa ni kiasi gani.

Sasa jamani, kwa nini kikundi cha kuweka na kukopa kinazungumza habari za kibaba? Kwa sababu sisi hatukuanza na pesa. Pesa hatukuwa nazo.

Mnazijua nyakati zetu. Mavuno ya mpunga na mahindi huingia kati ya Mei na Julai. Korosho huja kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Desemba. Basi nyumba ikipata fedha, inapata miezi ile. Halafu inafika Januari, Februari na Machi. Ghala limebaki vumbi, shamba linataka palizi, mtoto anataka daftari. Miezi ile ndiyo iliyotukutanisha. Tulikuwa wanawake 17. Tukasema: kama hatuna shilingi ya kuweka, je, kila mmoja hawezi kuleta kibaba kimoja cha nafaka kila Jumamosi, kuanzia mavuno mpaka mvua za vuli? Kibaba kimoja hakiui nyumba. Unakitoa kwenye chungu, unakula kwa mkono mwepesi siku moja, basi.

Tukaanza. Mwenzetu mmoja alitoa chumba. Mwingine alitoa mapipa mawili. Wiki ya kwanza tulipata vibaba 17, na tulicheka, maana havikufunika hata sakafu ya pipa. Mwezi Oktoba mapipa yote mawili yalikuwa yamejaa, ikabidi tutafute magunia.

Matatizo nayo hayakuchelewa. La kwanza lilikuwa la vyombo. Tulisema kibaba, lakini kila mtu alikuja na kibaba chake. Mmoja alipimia kopo la maziwa ya unga. Mwingine alikuja na kifuu. Mwingine kikombe cha plastiki cha sikukuu, na yeye akiapa kuwa ndicho kibaba cha mama yake mzazi. Ndipo bibi mmoja wa kijiji akatuletea hiki mnachokiona. Alisema kilikuwa cha dukani tangu ujana wake. Tukakubaliana kila nafaka ipimwe kwa hiki tu. Tukadhani tumemaliza kazi.

Hatukuwa tumemaliza. Hapa, ndugu Mgeni Rasmi, ndipo panapotuuma.

Mwezi Februari 2016 njaa ilibisha hodi na wanachama wakaja kukopa. Mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alikopa vibaba 12 vya mchele, pishi tatu. Tuliompimia ni sisi viongozi. Tulijaza kibaba, tukakifuta kwa kiganja mpaka ukingoni, tukamwaga. Kumi na mbili. Tukaandika daftarini. Yeye alipofika nyumbani aliumimina mchele wote kwenye ndoo, na kabla hajaupika akachora mstari kwa mkaa pale ulipofikia.

Mwezi Juni alivuna. Akapukuchua, akakausha, akatwanga. Akajaza ndoo ileile mpaka kwenye mstari wa mkaa, akajitwika, akaja kulipa. Sisi viongozi tukapima. Safari hii tulikijaza kibaba mpaka kikawa na kilele kama kichuguu, punje zikidondoka pembeni. Tukahesabu tisa, na cha kumi hakikujaa. Tukamwambia, "Mwenzetu, umepungukiwa vibaba viwili."

Akasema, "Mstari wa mkaa huu hapa. Nilichochukua ndicho nilichorudisha."

Tukamwambia, "Kilele ni cha kufidia panya na wadudu."

Akauliza, "Panya hao wamekula wapi, ghalani kwenu au chunguni kwangu?"

Watu wakacheka. Sisi hatukucheka. Tulimwona anatuvunjia heshima mbele ya wanachama. Tukaandika daftarini: anadaiwa viwili. Kesho yake asubuhi alivileta viwili, vyote vya kilele, akavimwaga bila neno. Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja. Na hakuondoka peke yake. Kufikia mwisho wa mwaka ule wanachama 17 walikuwa wamebaki tisa.

Sisi tulisema wale walioondoka ni wavivu. Tulisema hawataki maendeleo. Hivyo ndivyo viongozi tunavyosema watu wakitukimbia.

Aliyetufumbua macho ni yule bibi mwenye kibaba. Tulikwenda kumwona akiwa mgonjwa, tukamlalamikia kuwa kikundi kinakufa. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mlipatana tele au mfuto?"

Hatukuelewa. Akatueleza kama mtu anavyomweleza mtoto. Kibaba kina namna mbili. Kuna kibaba cha tele, chenye kilele juu, na kuna kibaba cha mfuto, kilichofutwa sawasawa na ukingo. Zamani mtu akinunua au akikopa, kabla nafaka haijaguswa, husemwa kwanza: ya tele au ya mfuto? Wakishapatana, hivyo hivyo kwenda na hivyo hivyo kurudi. Akasema, "Kibaba bila neno ni mtego."

Tulirudi kimya. Jumatatu tulikipeleka kibaba dukani kwenye mizani, na mwenye duka akatusaidia. Kibaba hiki, mchele mkavu, mfuto: gramu 700. Kibaba hikihiki, mchele uleule, tele: gramu 850. Tofauti ni gramu 150. Ni konzi ya mkono, kitu cha kumtupia kuku. Lakini mwenzetu anayejua hesabu alichukua kalamu. Mtu aliyekopa vibaba 12 kwa mfuto amechukua kilo 8 na gramu 400. Akilipa 12 kwa tele ametoa kilo 10 na gramu 200. Amezidisha kilo 1 na gramu 800, zaidi ya vibaba viwili na nusu. Kwa kila shilingi 100 aliyokopa ni kama amelipa 121, na hiyo ni kwa miezi minne tu.

Wenzetu, hiyo ilikuwa riba. Wala haikuandikwa katika katiba yetu, wala haikupigiwa kura. Ilikaa juu ya kibaba, mahali ambapo kila mtu anaona na hakuna anayehesabu. Na waliokopa ni kina nani? Si wenye ghala zilizojaa. Ni wale ambao Februari iliwakuta na chungu kitupu. Kikundi kilichoundwa kumsaidia mwenye njaa kilikuwa kinamkata mwenye njaa.

Tunapenda kusema hatukujua. Kwa tele na mfuto ni kweli, majina hatukuyajua. Lakini mkono ulijua. Mkono uliofuta Februari na mkono uliolundika Juni ulikuwa mkono mmoja. Masheikh wetu wanatukumbusha kuwa ndani ya Kurani iko sura ya 83, Al-Mutaffifin, iliyoitwa kwa jina la watu wanaopunja vipimo. Wachungaji wetu nao wanatukumbusha kuwa nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo ili kumnyonya maskini. Tulikuwa tukiyasikia hayo msikitini na kanisani tukidhani wanasemwa wachuuzi wa mjini.

Basi tulifanyaje? Tulifungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na lile daftari ndilo lililotuokoa, ingawa ndilo lililotushitaki. Kila aliyelipa kwa tele tulimpigia hesabu. Sisi viongozi ndio tuliorudisha, kutoka majumbani mwetu, si kutoka ghalani. Haikuwa rahisi. Waume wengine waliuliza mchele unakwenda wapi. Ilituchukua mwaka 2017 karibu wote.

Kwa yule mwenzetu wa mstari wa mkaa tulikwenda watatu, usiku, maana mchana tuliona haya. Alitudai viwili vya tele. Tukampelekea vitatu, tukitaka moyo wake upoe. Alitukaribisha mkeka. Akaomba kibaba, akapima mwenyewe, viwili, tele. Kile cha tatu akakirudisha kwenye kikapu chetu. Akasema, "Niliwapa viwili, nachukua viwili. Hiki si changu." Hakutugombeza, wala hakusema amesamehe. Tulirudi na kile kibaba kimoja kwenye kikapu, na hakuna mzigo tuliowahi kuubeba ukawa mzito kama ule.

Jumamosi ya pili baada ya hapo tulimwona anakuja kwenye mkutano, kibaba chake cha akiba mkononi.

Wanachama wapya mnauliza kila mara kwa nini kikundi hiki kina sheria ndogo ndogo nyingi. Zimetoka hapo. Tunazisoma tena leo ili ziingie katika kijitabu.

Ya kwanza: kibaba ni kimoja, ni hiki, na hukaa sandukuni.

Ya pili: mfuto kwenda, mfuto kurudi. Hakifutwi kwa kiganja, maana kiganja kinapinda. Kinafutwa kwa kijiti kilichonyooka.

Ya tatu: hakitikiswi, hakigongwi wala hakishindiliwi. Unga ukiutikisa unashuka, unaingiza konzi nyingine. Unga wa muhogo ndio kabisa.

Ya nne: kinarudishwa kitu kilekile, kikavu. Kibaba hakipimi uzito, kinapima nafasi. Kibaba cha chumvi na kibaba cha unga haviko sawa kwenye mizani, na mahindi mabichi hujaza chombo upesi kuliko makavu. Aliyekopa mchele arudishe mchele.

Ya tano: anayepima si anayeandika, na anayekopa asimame aone.

Ya sita: tele ni sadaka, si deni. Mtu akipenda kuzidisha kwa moyo wake, Mungu amlipe, lakini isiandikwe, isidaiwe, wala asifuatwe mwingine kwa sababu yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, sheria hizi zilitufungua macho hata nje ya kikundi. Nitoe, au tuseme tutoe, mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni debe. Debe halisi lilikuwa la mafuta ya taa, galoni nne za Kiingereza, lita 18 na kidogo. Siku hizi mnunuzi anakuja na ndoo ya plastiki ya lita 20 na kuiita debe. Tulikaa tukapiga hesabu. Ukimpimia madebe kumi kwa ndoo ile, umempa lita 200. Zigawe kwa 18, utaona umempa debe la kumi na moja bure. Na hapo hatujasema kilele.

Mfano wa pili ni lumbesa. Gunia linajazwa, kisha linashonewa kofia juu. Sheria inataka mzigo wa mazao usizidi kilo 100, lakini mkulima analipwa gunia moja na kofia inakwenda bure. Ile kofia ya lumbesa ni tele ileile iliyotuponza sisi, imekua tu.

Mfano wa tatu unatuhusu zaidi sisi wa Kusini, nao ni kangomba. Hapa hakuna asiyelijua neno hili. Miezi ile kabla ya msimu, mtu ana shida, mtoto anaumwa, anakuja mnunuzi na bakuli lake au kopo lake, anachukua korosho kwa bei ya kutupa, au anazinunua zikiwa bado juu ya mti. Bakuli analipima yeye, jina la kilo analitaja yeye. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika korosho msimu wa 2007/2008, nia ilikuwa korosho zipite kwenye mizani ya ghala na kuuzwa kwa mnada. Lakini mwenye njaa haufikii mnada. Mnakumbuka msimu wa 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo na wakulima wakakataa. Mwezi Novemba Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na uhakiki ukafanywa ili kuwabaini kangomba. Waliokuwa wamezitoa korosho zao kwa bakuli walisimama pembeni wakitazama bei ile inapita. Ni kweli malipo kwa wengi yalichelewa. Lakini mwenye stakabadhi alikuwa na cha kudai, na aliyepimiwa bakuli hakuwa na hata karatasi.

Mwaka ule wanachama wetu walikopa nafaka ghalani ili wasiziuze korosho mapema. Hatusemi wote walivumilia. Wengine waliuza, na hatuwalaumu, maana njaa haijui mkutano. Lakini waliovumilia walivumilia kwa sababu kulikuwa na kibaba cha kupika jioni. Hapo ndipo tulipoelewa hii methali. Haisemi haba na haba hujaza gunia. Inasema hujaza kibaba, kile cha kukuvusha usiku mmoja bila kuuza shamba lako.

Siku hizi tunaweka na pesa. Tuko wanachama 41. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko nyumba tatu. Baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 tulifuata utaratibu, tukajisajili. Hisa yetu moja ni shilingi 1,000, na sisi tunaiita kibaba. Ukisikia mtu anasema, "Leo nimeweka vibaba vitatu," usidhani ameleta mchele. Na riba ya mkopo wetu imeandikwa kwenye karatasi ukutani, kwa herufi kubwa, hata mwenye macho mabovu aione. Inayoandikwa inaweza kupingwa. Ile ya kilele haikupingwa mpaka mjane alipochora mstari kwa mkaa.

Wapo vijana wetu, tena wasomi, wanaosema kibaba kiwekwe makumbusho, ghala litumie mizani. Tumejadili sana, na tunasema wana haki. Kwa hiyo mwaka huu tunanunua mizani, na itakuwa na stika ya Wakala wa Vipimo, kila mwaka ikaguliwe. Fedha tumeshafikia nusu. Ndugu Mgeni Rasmi, hatukuombi utupe mizani. Tunakuomba mambo mawili. La kwanza, msimu ukikaribia, utusaidie mabakuli ya kangomba yasiingie vitongojini. La pili, wataalamu wa vipimo wafike mpaka huku kwetu, wasiishie mjini.

Lakini tunawaambia vijana: mizani nayo ina mkono nyuma yake. Mizani huchezewa, na hata simu hukata kitu juu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mkibadilisha chombo bila kubadilisha swali, mtarudi tulikotoka. Swali ni lile la bibi: mlipatana tele au mfuto? Ulizeni kabla hamjapimiwa, ulizeni mbele za watu, na atakayekasirika kuulizwa, huyo msimkabidhi daftari, hata kama ni mwenyekiti wenu.

Tumalizie kwa deni letu la mwisho. Vibaba viwili tulivirudisha usiku, kwa haya. Maneno tuliyomwambia yule mwenzetu tuliyasema mchana, mbele ya wanachama, na mchana hayajarudishwa. Miaka yote hii amekaa nasi. Kijiti cha kufutia kibaba anakishika yeye, na toka akishike hatujapata malalamiko hata moja. Hatumtaji jina, maana hapendi, na mnaomjua mnamjua. Amekaa hapa mbele.

Mwenzetu, dada yetu, siku ile ulisema kweli na sisi tulikuandika mdaiwa. Tulikukosea. Tunakuomba radhi mbele ya Mgeni Rasmi, mbele ya wanachama, mbele ya watoto wako, na tumetaka iandikwe katika kijitabu hiki ili ibaki. Radhi hii ni mfuto. Hatujaweka kilele cha maneno juu yake.

Wanachama wenzetu, miaka kumi mingine inatungoja. Mtakaosimama hapa mwaka 2035 huenda msiwe sisi. Tunawaachia ghala, sanduku, daftari na kibaba kilichobonyea. Kisafisheni, lakini msikinyooshe.

Kibaba oyee!

Karibuni chakula. Wali upo wa kutosha, na huo, jamani, leo tutawapakulia kwa tele.